Mawe Hayatajwi Garini

Konda alikuwa amepanga noti za abiria katikati ya vidole, zimesimama kama ukindu uliokaushwa, alipofika kwangu akakigusa kwa ncha ya kiatu kiroba kilichokuwa miguuni pangu.

"Dada, huu mzigo elfu mbili."

"Mzigo gani? Mawe tu haya."

Sikupaza sauti. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, Coaster ya kutoka Maramba kwenda Tanga mjini imejaa, redio imekufa tangu asubuhi na watu hawana cha kusikiliza. Neno "mawe" likatembea lenyewe mpaka kiti cha nyuma. Shingo zikageuka. Huku kwetu Bonde la Umba lenye machimbo ya vito liko jirani, na ukisema mawe hakuna anayefikiria kokoto.

Mzee wa kofia niliyekaa naye kiti kimoja aliniinamia. "Mwanangu, mawe hayatajwi garini."

Nikacheka. Nilitaka kuwaonyesha kwamba hakuna siri, nikafungua kiroba. Mikono ikaingia. Kijana mmoja, suruali yake ina udongo mwekundu uliokwisha kuwa rangi ya kitambaa, akachukua kipande, akakilamba, akakimulika kwa tochi ya simu kwa upande wa nyuma. "Ganeti hii. Lakini nyeusi, haipitishi mwanga." Akanirudishia kama mtu anayerudisha embe lenye funza.

"Umeyatoa wapi?" mwingine akauliza.

Na mimi, mwalimu niliyezoea kudai majibu kamili, nikajibu kwa ukamilifu. Nikataja kijiji. Nikataja daraja, mkungu ulio kona ya njia, na kisima cha bibi aliyenipa. Nadhani nilitaja hata kina cha kisima.

"Sasa kama hayana thamani," konda akasema, "mbona umeyabeba?"

Gari zima likacheka. Nikalipa elfu mbili.

Swali la konda nililala nalo wiki nzima. Kumbe la kunikosesha usingizi lilikuwa lile la kabla yake, na nilikuwa nimeshalijibu.

## Sanduku la mchwa

Sikuanza kuokota mawe kwa mapenzi. Nilianza kwa aibu.

Nafundisha jiografia. Kila mwaka wanafunzi wangu wanaimba aina tatu za miamba kama wanavyoimba wimbo wa taifa, wima na bila kukosea. Siku moja binti wa kidato cha pili akaniuliza jengo letu limejengwa kwa mwamba wa aina gani. Nikaangalia ukuta. Nikamwambia tutalijadili kipindi kijacho.

Kipindi kijacho nilikwenda stoo kutafuta sampuli. Nyuma ya magodoro ya michezo nikakuta sanduku la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, na katika kila chumba jiwe. Mwalimu fulani wa zamani alikuwa amekaa akayakusanya, moja moja. Kulikuwa na jeupe linalometa, la kijani, lenye mistari kama pundamilia, na moja dogo lenye umbo la kombe kama la chaza, lakini zito na baridi. Kisukuku, kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe. Nilishtuka kwa furaha.

Chini ya kila jiwe palikuwa na karatasi. Mchwa walikuwa wamezila zote. Yalibaki vumbi na kona moja yenye herufi "-ni". Tanga hii, mji gani hauishii na "-ni"? Pangani, Mabokweni, Tongoni, Maweni, hata Chumbageni ninakokaa.

Nilimpelekea mtaalamu wa miamba picha za kile kisukuku. Jibu lake lilikuwa fupi na la adabu: bila kujua kilikotoka, hawezi kunisaidia sana. Tabaka gani, pembeni yake palikuwa na nini, juu yake nini. Kilikuwa kombe zuri la mnyama wa bahari aliyekufa zamani. Zamani ipi, haijulikani.

Basi nikaelewa kwamba natakiwa kuanza upya, na safari hii mahali kwanza, jiwe baadaye.

## Nauli ya kurudi nyuma

Watu wakisikia nakusanya mawe huniuliza ramani. Ramani zipo, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ndiyo inayozitengeneza, na rangi zake ni nzuri kuliko kanga. Lakini ramani haikuambii ni wapi mwamba umejitokeza juu ya ardhi. Kwetu udongo ni mzito na majani hayana subira. Unaweza kutembea siku nzima juu ya mwamba wa miaka mamilioni usiuone hata mara moja.

Kwa hiyo nilijifunza kutafuta majeraha. Pale ardhi ilipokatwa na mtu au na maji, hapo ndipo panapoonekana. Kingo za barabara mpya. Mashimo ya moramu. Mito baada ya mvua za vuli, maji yanapopungua na kuacha kokoto zimeoshwa. Shimo la choo linalochimbwa. Na visima. Fundi wa visima ni mwanajiolojia asiye na cheti. Anajua tabaka moja baada ya jingine kwa namna sururu inavyomrudishia mkono.

Nilichogundua kwa kuchelewa ni kwamba barabara ninayopita kila siku, ya kutoka mjini kupitia Mabokweni kupanda Maramba, ni kama ngazi ya kushukia kwenye wakati.

Unaanzia mjini juu ya mawe ya matumbawe, miamba ya bahari ya jana tu: laki moja ya miaka na ushei. Ukishuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa utayaona matumbawe yenyewe kwenye ukuta wa mwamba, yamekaa kama yalivyokua, yana sura ya ubongo na ya vidole. Wazee waliojenga msikiti wa Tongoni walijenga kwa hayo hayo. Ukiweka uso karibu na ukuta pale (mkono uache mfukoni, ni mahali pa kale panapolindwa) utaona vitundu vya wadudu wa bahari vilivyopangwa kwa ufundi kuliko lipu.

Kilomita chache kaskazini, Amboni. Mapango yale yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya zaidi ya miaka milioni 150, wakati wa madinosaria, na pale tulipo palikuwa chini ya bahari. Pale pia ni kutazama tu. Lakini mwamba wa chokaa hauishii kwenye geti la mapango. Unaendelea chini ya mashamba ya watu, na ndio huo huo unaosagwa kuwa saruji. Mahali panaitwa Maweni na bado tunazunguka na kuuliza mawe yako wapi.

Ukiendelea bara unakuta mawe ya mchanga na tope lililoganda, zaidi ya miaka milioni 200. Halafu ghafla, Usambara inapoanza kuinua mabega, ardhi inabadilika kabisa. Naisi. Mwamba wa mistari myeupe na myeusi, uliopikwa na kukandamizwa kilomita nyingi chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, hata hakuna mfupa ungeweza kubaki ndani yake. Usitafute kisukuku huko. Huko unatafuta vidoti vyekundu.

Vidoti hivyo ndivyo ganeti. Vingi ni vidogo kama punje za ulezi na vimejaa nyufa, havina soko. Kimoja kikikua bila kubanwa kinakuwa na nyuso kumi na mbili, kila moja kama kiti cha kigoda, hujui nani alikichonga. Ganeti ni nzito, karibu mara nne ya maji, wakati mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu. Ndiyo maana mtoni hujikusanya nyuma ya jiwe kubwa, mchanga mwekundu uliotulia peke yake. Wachimbaji hawasomi hilo popote. Wanatikisa karai.

## Ndimu mfukoni

Nimekosea sana, nikiri.

Nilibeba "kimondo" kilomita sita kwa miguu. Fundi chuma pale Makorora akaniambia ni takataka ya tanuru. Nilikesha na "dhahabu" iliyokuwa ulanga. Nilimwonyesha mkuu wa shule kisukuku cha mti, na mkuu wa shule, mtoto wa seremala, akakinusa na kusema ni mti.

Siku hizi natembea na ndimu, msumari na kipande cha kioo. Jiwe la chokaa ukilikwaruza ukadondoshea ndimu juu ya ule unga, linatoa povu. Inabidi uiname na utulie, kwa sababu ndimu si tindikali ya maabara. Msumari unalichana. Jiwe jeupe linalofanana nalo lakini linachana kioo na halijali ndimu, hilo ni kwazi. Wanafunzi wangu wanapenda zoezi hili kuliko yote, nadhani kwa sababu ndimu zinazobaki tunaweka kwenye mihogo.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya kitanda chako, na kuyachimba kwa kuuza kunataka leseni. Kuchimba mabaki ya kale kunataka kibali. Mimi sichimbi na siuzi. Naokota kilichokwisha kutupwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na nikikuta mfupa uliogeuka jiwe nitauacha ulipo na kupiga simu. Haijatokea. Huko mashapo ya Tanga nimeona makombe na matumbawe tu.

(Ingawa sisi Tanga tuna kisukuku kinachoogelea. Wataalamu walidhani samaki aitwaye silikanti aliisha pamoja na madinosaria, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu huwanasa kwa jarife. Tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari kwa ajili ya samaki huyo. Mjomba wangu, mvuvi, anasema nyama yake si ya kusifia.)

## "Wageni wako wamekuja"

Wiki ya tatu baada ya safari ile ya Coaster, simu iliita nikiwa nasahihisha madaftari.

"Mwalimu, shikamoo sikuamkii, mimi mkubwa. Wageni wako wamekuja."

"Marahaba... shikamoo Bibi. Wageni gani?"

"Wa mawe."

Walikuwa wanne, na baiskeli mbili. Walifika alfajiri wakasema wametumwa na mwalimu. Walichimba kando ya kisima, wakashuka mpaka kijito, wakachimba kwenye magimbi. Siku mbili. Hawakupata kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu, kama yule kijana wa tochi alivyoona mara moja. Wakaondoka. Mashimo wakayaacha, na mvua zikaja zikayajaza.

Nilikata simu nikakaa. Namkumbuka yule mzee wa kofia sasa kila nikipanda gari. Hakuwa ananionea aibu wala hakuwa na tamaa. Alikuwa ananifundisha adabu ya mahali ambapo watu wanaishi juu ya kitu kinachotafutwa.

Jambo lililonisumbua ni hili. Sanduku la stoo lilinifundisha kwamba jiwe lisilo na mahali haliwezi kusema kitu. Nikaligeuza somo hilo kuwa bendera: andika mahali, taja mahali, kamili, mpaka mita. Niliwafundisha na wanafunzi. Kumbe mahali si anwani ya jiwe peke yake. Ni anwani ya mtu pia, na mtu huyo analala pale.

Nikawaza Tendaguru, kilima cha Lindi kilikochimbuliwa mifupa ya madinosaria. Kila mtu anajua mifupa iko Berlin. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, zaidi ya tani 200 zikabebwa mabegani mpaka bandari ya Lindi, na ndani ya jumba lile leo umesimama mjusi mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ilichukua mpaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akapewa jina la kumkumbuka. Lakini jina la kilima halikupotea hata siku moja. Liko kwenye lebo zote. Mahali palikumbukwa vizuri sana. Walioishi pale ndio waliosubiri.

Sijui kama ulinganisho huu ni wa haki. Wanne wenye baiskeli si dola ya Kijerumani. Lakini lebo yangu ya kwanza kabisa, ile niliyoiandika kwa fahari usiku ule wa Coaster, ilikuwa na jina la kijiji, umbali kutoka darajani na vipimo vya simu. Jina la Bibi halikuwemo.

## Kisimani tena

Nilirudi Jumamosi. Nilibeba sukari, sabuni ya mche, na lile jiwe kubwa kwenye kiroba kile kile. Nilikuwa nimeamua kulirudisha. Njiani nilitunga maneno ya kuombea radhi, nilipofika yakanitoka.

Bibi alikuwa anaanua kanga. Alinipokea sukari, akaniketisha, akauliza habari za mjini, za shule, za mama yangu ambaye hajawahi kumwona. Sisi tunajua mambo yanavyokwenda. Huwezi kuanza na shimo.

Mwishowe nikalitoa jiwe, nikaliweka mkekani. Nikamwambia nimelileta nyumbani.

Akalitazama. Akanitazama.

"Wewe mtoto una wazimu. Nililipa watu kulitoa kisimani, leo unanirudishia?"

Kweli. Fundi wa kisima alikutana na mwamba ule mita ya tisa, akaacha kazi mara mbili, akaongezwa pesa mara mbili. Kwa Bibi jiwe lile lilikuwa na bei, na alikuwa na kumbukumbu ya kila shilingi. Alikuwa amenipa kwa furaha kwa sababu lilikuwa linamzibia njia ya ndoo.

Nikaomba radhi kwa mashimo. Hapo uso ukabadilika. Alinipeleka kijitoni bila kusema. Magimbi yalikuwa yamelala upande mmoja, mizizi nje. Mashimo matano, maji ya kahawia ndani, na mbu. Mjukuu wake alikuwa ameyazungushia miba ili mbuzi wasidumbukie.

"Nilipowauliza nani kawaruhusu, wakasema mwalimu," alisema. "Nikaona basi, mwalimu."

Hilo ndilo lililoniuma. Hakuwazuia kwa sababu ya heshima kwangu.

Tulifukia matatu siku ile, mimi na mjukuu na jembe moja. Mawili yalikuwa na maji mengi, tukayaacha mpaka kiangazi. Katika kufukia nikaona kokoto moja ya naisi yenye ganeti kubwa kiasi cha punje ya hindi, nyuso zake zimetimia, nzuri kuliko yote niliyonayo kabatini. Wale wanne waliirusha pembeni. Niliishika. Nikaifukia. Nasema kweli, niliifikiria mpaka Mabokweni.

Kabla sijaondoka nilimweleza Bibi habari ya lebo. Kwamba ninalibakiza jiwe shuleni, ila sitaandika kijiji tena. Nitaandika kisima, mita tisa, chini ya milima ya Usambara mashariki, na vipimo kamili vitakaa kwenye daftari nyumbani kwangu, kwa mtaalamu atakayekuja kwa barua. Nilidhani atafurahi.

"Na jina langu?"

"Bibi, jina lako litawaleta tena."

"Walishakuja. Andika jina. Wajue lilitoka kwa mtu, halikuokotwa."

Tukabishana kidogo, kwa adabu. Nilimwambia kwa hapa mtandaoni sitaandika, na hakuona shida, mtandao hausomi. Lakini kwa kabati la shule hakukubali. Kwa hiyo lebo ina jina lake, majina matatu, kwa wino wa kalamu nyeusi, na nimeipaka gundi ya ukutani kwa ajili ya mchwa. Kijiji hakimo. Binti yule wa kidato cha pili, sasa wa tatu, aliisoma akauliza huyu ni mwanajiolojia wa wapi.

Jioni ile nilipata Coaster ya mwisho. Konda alikuwa yule yule. Akakitazama kiroba miguuni pangu kwa muda, safari hii hakukigusa.

"Mwalimu. Leo tena?"

Garini kimya. Nikahesabu vichwa vilivyogeuka: vinne.

"Magimbi," nikasema. Na yalikuwa magimbi, Bibi alinifungia yale yaliyong'olewa.

"Magimbi elfu mbili," akasema konda.